Betri Ambayo Kompyuta Haikuiona

Jumapili, 3 Agosti

Baba amelazwa. Jicho la kushoto lilizimika zamani, hilo tulishalizoea. Sasa la kulia nalo limeanza. Anasema anaona pazia jeusi linashuka kutoka juu, taratibu, wala haliumi. Daktari wa macho ametuita mimi na Dada kwenye kijichumba chake, akafunga mlango. Daktari akifunga mlango, ujue. Amesema Baba atapasuliwa Ijumaa asubuhi. Huenda akaona, huenda asione. Nikamuuliza huenda ipi ndiyo kubwa. Akatazama kalamu yake.

Dada amelia. Mimi sikulia. Mimi ndiye mwanamume pekee wa nyumba hii ukimtoa Baba. Shemeji, mume wa Dada, simhesabu. Shemeji ameoa tu.

Tukarudi wodini tulikomwacha Shemeji. Baba alikuwa ameketi kitandani wima, utadhani mwenyekiti wa kikao. Amesema hana mengi. Jicho likirudi, ashukuru. Lisiporudi, kuna kitu kimoja anataka akione kabla: Mama. Si picha. Picha ameitazama ukutani miaka yote mitatu tangu tumzike. Anataka amwone akitembea. Kwenye ile video ya harusi ya Dada kuna mahali Mama anapita katikati ya viti, halafu anageuka na kumwambia Baba neno. Anataka amwone akigeuka. Basi, hana lingine.

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha kukohoa.

Video ipo. Imo kwenye kompyuta mpakato ya nyumbani kwa Baba, na haipo kwingine kokote, maana simu iliyopiga video ile iliibiwa zamani. Dada akafikiria kuihamishia kwenye simu yake. Akamwonyesha Baba picha fulani kumjaribu. Baba akasema anaona moshi wenye kidole. Kwa hiyo lazima kioo kikubwa. Nikatazama ukutani, nikaona soketi. Muuguzi wa zamu akaniona ninavyoitazama. Akasema soketi za wodini ni za mashine za wagonjwa, kifaa cha nyumbani hakichomekwi, kuna mtu alileta birika la umeme wodi nzima ikaingia giza. Kwa hiyo kompyuta inatakiwa ije na umeme wake tumboni.

Kabla sijafungua mdomo, Shemeji ameshafungua wake. Yeye anayo kompyuta mpya, betri yake inakaa kutwa. Ataichukua video kwa flashi, kesho ailete. Baba akasema vizuri.

Vizuri! Paa lilipovuja ni Shemeji. Bomba lilipopasuka ni Shemeji. Siku ya mazishi ya Mama gari lilipokwama, nani alivua viatu akasukuma? Shemeji, na suti yake. Hata video yenyewe aliipiga yeye. Nikasikia sauti yangu inasema hapana. Nimesema hii ni kazi ya mtoto wa kumzaa. Nitaileta kompyuta ile ile ya nyumbani, ile Mama aliyoipangusa vumbi kwa mkono wake. Neno hilo liliwanyamazisha wote. Nilijivunia.

Baba akanigeuzia uso. Akaniita Fundi Kesho, jina la utani alilonipa nikiwa mdogo, sababu yake siikumbuki. Akasema sawa, ila iwe kabla ya Alhamisi jioni. Jioni hiyo atatiwa dawa ya matone ya kutayarisha jicho, na ukishatiwa unaona ukungu mtupu.

Alhamisi! Muda upo tele.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimetoka kazini moja kwa moja hadi nyumbani kwa Baba. Nyumba imepoa. Viti bado vina nailoni ya dukani. Rimoti imevaa nailoni. Saa ya ukutani imevaa nailoni, na imesimama. Yote ni kazi ya Mama. Aliamini kitu kikiguswa na hewa kinaanza kufa.

Kompyuta ipo mezani chini ya kitambaa. Nikaichomeka, ikawaka. Video ipo! Nikaichungulia mwanzo tu, nikaifunga. Sikutaka kumwona Mama peke yangu.

Nikachomoa waya. Giza. Ilizimika papo hapo.

Nikaigeuza chali. Tumboni kuna shimo. Haina betri! Ndipo nikakumbuka. Muuzaji alimwambia Mama kwamba kompyuta ya kukaa mezani itolewe betri, ili betri isizeeke bure. Mama aliitoa siku ile ile. Nimeipata kabatini nyuma ya sahani za wageni, imefungwa nailoni juu ya nailoni juu ya nailoni. Haina hata mkwaruzo. Nikaifungua kwa heshima, nikaipachika, ikalia tak! Nikamwambia Mama asante kwa sauti.

Nikawasha. Pembeni chini, kialama cha betri kina X nyekundu. Nikakibonyeza. Kompyuta ikaniandikia kwamba hakuna betri iliyogunduliwa.

Hakuna! Nimeishika mwenyewe! Nikaitoa, nikaipachika tena. Hakuna. Nikaipachika polepole. Hakuna. Nikaipachika kwa ghafla, ili isiwe na nafasi ya kukataa. Hakuna. Inajua saa ngapi duniani kote, lakini haijui kilichomo tumboni mwake.

Shemeji amepiga simu kuuliza kama kuna tatizo. Nimesema tatizo liko wapi? Akasema alikuwa anauliza tu. Watu wa kuuliza tu ndio wabaya.

Nimeihamishia kompyuta kwangu pamoja na waya na betri. Mke wangu amesafisha meza bila kuulizwa. Ameuliza Baba anaendeleaje. Nikamweleza habari za betri kwa kirefu. Aliponyamaza nikadhani amevutiwa.

Jumanne, 5 Agosti

Nimewaambia ofisini tumbo linauma. Ni kweli kwa kiasi fulani.

Mtandaoni kuna mabwana wanaofundisha mambo haya. Bwana wa kwanza: ingia kwenye orodha ya vifaa vya kompyuta, ifute betri kabisa, washa upya, nayo itaitafuta yenyewe kwa hamu. Nimefuta. Ilitii haraka, ikanitia shaka. Nikawasha upya. Haikuitafuta. Haina hamu.

Bwana wa pili: toa betri, toa waya, kandamiza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki ndani utoke. Muda gani hakusema. Nimekandamiza mpaka kidole kikafa ganzi. Mke wangu akapita, akauliza kama nachukuliwa alama za vidole. Nikakandamiza zaidi. Mtu aliye katika jambo zito hajibizani.

Bwana wa tatu: sasisha mfumo mzima. Hilo limekula asubuhi yote. Mduara unazunguka, unazunguka. Mwishowe kompyuta imerudi na picha mpya ya mlima wenye theluji na sauti mpya ya kengele. Betri hakuna.

Shemeji ameleta ujumbe. Anasema flashi iko mfukoni mwake, anaweza kupita hata sasa. Nimemjibu kwamba flashi huleta virusi. Akasema yake ni safi. Nikamjibu kwamba hivyo ndivyo kila mwenye flashi husema. Hakujibu tena. Pointi yangu!

Saa ya kuwaona wagonjwa nimekwenda mikono mitupu. Niliingia kwa kunyata, lakini Baba alijua. Anatutambua kwa viatu sasa. Pazia limeshuka hadi usawa wa vifua vya watu, chini ya hapo ndipo penye mwanga bado. Akasema kisigino changu cha kulia kimeisha. Akauliza kama nimekuja naye. Alisema hivyo, naye, kana kwamba Mama yuko kwangu anavaa. Nikasema kesho. Akatikisa kichwa kwa upole.

Nimetoka pale. Ningeweza kupita kwa Shemeji. Ni njiani kabisa. Nimezunguka njia ya sokoni.

Jumatano, 6 Agosti

Leo nimetumia akili.

Katibu muhtasi wa ofisini kwetu ana kompyuta ya kampuni ile ile, rangi ile ile. Anaichomeka kutwa nzima mezani kwake. Betri inamfaa nini? Alipokwenda kula nikaigeuza, nikatoa yake, nikamwekea yetu. Huo si wizi, ni kubadilishana. Nikaiweka ndani ya shati na kumwambia mkuu wa idara kwamba tumbo limerudi. Kwa jinsi lilivyokuwa limevimba alinihurumia.

Nyumbani nikaipachika. Haiingii. Imezidi upana wa ukucha! Nikasukuma. Nikaisukuma kwa goti. Mke wangu akaniambia mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini si lazima apige goti juu ya kompyuta ya watu. Nikaikubali hali.

Kurudi ofisini nimekuta kilio. Katibu aliitwa kwenye kikao aandike maazimio. Kachomoa waya kama siku zote, kompyuta ikazimika mkononi mwake, na taarifa aliyoichapa tangu asubuhi ikaenda nayo. Alikuwa anafuta macho kwa karatasi. Wenzangu wamemzunguka, kila mtu na ushauri wake. Mimi nikasema umeme wa siku hizi hauaminiki. Nikajitolea kuitazama, wakaniachia meza, nikairudisha betri yake kimyakimya. Ikawaka. Wamenipigia makofi. Katibu amenishukuru mara nyingi, akanipa nusu ya chungwa lake. Nimelila. Lilikuwa chungu.

Jioni nimempata Bwana wa nne mtandaoni. Anasema betri iliyokaa miaka bila kazi inakuwa imelala, na dawa ya usingizi huo ni baridi kali. Nimeiweka kwenye friza, uchi bila mfuko, katikati ya nyama na barafu. Watazamaji chini ya video walimwandikia kwamba ni mwongo, na kwamba betri inaweza kuharibika. Watu wana wivu.

Mke wangu ameifunga friza, akasimama mbele yake. Amesema nimpigie Shemeji. Amesema ni jambo la kunywa chai likaisha. Nikamwambia haelewi, hili ni suala la damu. Akasema anaelewa vizuri sana. Mgonjwa ni Baba, lakini anayetaka kuuguzwa ni mimi.

Maneno makali hayo. Nimeyaandika hapa ili siku moja ayasome aone haya.

Alhamisi, 7 Agosti

Asubuhi

Nimeitoa betri friza. Imeota ukungu wa barafu. Nikawa naipangusa kwa taulo la jikoni, pale kwenye meno madogo ya shaba ambayo hugusana na kompyuta, na kitu kikaninasa kidoleni. Uzi mwembamba, mwangavu. Nikauvuta, ukaja mrefu.

Selotepu. Selotepu safi, iliyokatwa kwa mkasi, ikapigwa juu ya meno yote ili vumbi lisiingie. Usingeiona hata ungeivalia miwani. Baridi ndiyo iliyoibandua.

Nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye gundi kuna alama ya dole gumba. Dogo, lenye ule mkato wa kisu wa Mama pembeni.

Nimekaa sakafuni. Mke wangu akaja mbio, akauliza nini. Nikasema vitunguu. Hapakuwa na kitunguu jikoni. Hakunicheka, alikaa chini karibu yangu, bega kwa bega, mpaka nikamaliza.

Nimekausha betri juani, nikaipachika. X nyekundu imeondoka! Betri imegunduliwa! Sifuri, inachaji! Nimeruka. Nimembusu mke wangu, nimeibusu kompyuta. Selotepu nimeihifadhi kwenye Biashara Yangu, yaani ile droo ambayo hakuna anayeruhusiwa kuifungua.

Wakati inachaji nimeona nisikae bure. Video inaanza ghafla mno, viti tu. Nimeitengenezea utangulizi. Maandishi ya dhahabu yanapanda polepole kwenye giza, na muziki wa huzuni. Yanamkaribisha mzee wetu, yanaeleza historia fupi ya jitihada za wiki hii, na mwisho kabisa: imetayarishwa na mwanawe wa kiume. Nimeuunganisha na video ikawa kitu kimoja. Kazi nzuri. Bwana wa tano alisaidia.

Adhuhuri inasoma mia kwa mia.

Jioni

Nitaandika kwa utaratibu, kila kitu kwa mahali pake.

Hospitali ni kulia ukitoka kwetu. Kwa Shemeji ni kushoto. Nilikwenda kushoto. Nilitaka waione tu. Niliibeba kompyuta ikiwa wazi, inawaka, na waya nikauacha nyumbani makusudi, ili mtu asije akasema inategemea waya. Majirani wawili waliiona njiani.

Nimeketi sebuleni kwa Shemeji na kompyuta mapajani. Nikawaonyesha kialama cha betri. Nikawaonyesha mlima wenye theluji. Nikawaonyesha utangulizi, mara mbili, maana mara ya kwanza Dada alikuwa jikoni. Shemeji akauliza tatizo lilikuwa nini. Nikamwambia ni mambo ya mfumo, nimeupangilia upya kwa ndani. Selotepu sikuitaja. Selotepu ni yangu na Mama.

Shemeji akanipa mkono. Akanipongeza kwa moyo mweupe, akasema hakujua kama nina ujuzi huo. Ningependa zaidi angenuna.

Halafu akasema betri za zamani ni waongo, zinasoma mia halafu zinaporomoka. Anayo chaja inayoingia, kwa nini nisiichomeke kidogo hapo nikinywa chai? Nikasema haina haja. Kuchomeka kwa Shemeji! Afadhali nitembee na jenereta kichwani. Akauliza basi achukue video kwa flashi, kwa tahadhari tu, naye aje nyuma yangu na kompyuta yake. Nikamuuliza tahadhari ya nini. Aliirudisha flashi mfukoni. Dada akasema muda unakwenda, kaka. Sauti yake haikuwa nzuri. Nikaondoka.

Wodini Baba alikuwa tayari. Amenyolewa ndevu. Amemwomba Muuguzi amsaidie kuvaa shati lile jeupe la kwenye begi, na amefunga vifungo vyote hadi shingoni. Alikuwa na harufu ya sabuni. Mzee wa miaka yake, anamsubiri mkewe.

Nikaweka kompyuta juu ya meza yake ya kulia chakula, nikaisogeza karibu na uso wake. Nikaanzisha. Dhahabu ikapanda. Muziki ukalia. Baba akauliza hicho kinachong'aa ni nini. Nikasema utangulizi. Akauliza ni mrefu? Nikasema ni mfupi. Wagonjwa wengine wakageuka vitandani, mmoja akaomba niongeze sauti. Nilisimama wima wakati wote. Palipofika jina langu niliinamisha kichwa.

Kisha harusi. Viti. Wajomba wanakula. Mjomba wa Shemeji anatoa hotuba, hamalizi. Pembeni chini kialama kikageuka chekundu, na kikaratasi kikatokea katikati ya kioo kikisema niichomeke haraka. Kilikuwa kinaziba picha. Nikakifuta.

Ndipo Mama akaingia.

Kwa nyuma. Gauni la kijani. Anapita katikati ya viti na kugusa mgongo wa kila kiti, vile vile alivyokuwa akifanya. Nilisahau kwamba alikuwa akifanya hivyo. Baba akarudisha kichwa nyuma kabisa, kidevu juu, apate kuchungulia chini ya lile pazia. Mdomo wazi. Akanyoosha mkono kwenye kioo. Akamwita jina lake, lile alilozaliwa nalo. Maisha yangu yote nilikuwa sijamsikia Baba akilitamka.

Mama akasimama. Bega la kulia likaanza kuja.

Giza.

Nilibonyeza kitufe. Nilibonyeza, nilibonyeza. Niliitoa betri nikaipuliza nikairudisha. Nikamshika Muuguzi mkono nikamwomba soketi, dakika moja tu, anifunge jela baadaye. Akamtazama Baba na shati lake, halafu akasema haya, leta waya.

Waya uko nyumbani.

Nikampigia Shemeji. Nikasema njoo na kompyuta yako, kimbia. Akauliza, na video? Video imo ndani ya hii iliyozimika. Flashi niliikataa mwenyewe. Na chaja yake ingefika saa ngapi? Dawa ilikuwa tayari kwenye sinia, na daktari alishaanza na kitanda cha kwanza. Muuguzi alijizungusha, akapanga shuka za watu, akatafuta pamba iliyokuwa mbele yake. Alijitahidi. Mwishowe Baba mwenyewe akamwita, akasema asicheleweshe kazi za watu. Akalala chali, akafungua jicho.

Baada ya matone alinitafuta kwa mkono. Akasema, alikuwa anageuka. Nikasema ndiyo, Baba. Akasema mgongo ameuona, na ni wake hasa, basi nisilie, palipobaki anapajua.

Nimelia mpaka kwenye ngazi. Sijawahi kujisikia mbaya hivi. Betri gani inasoma mia halafu inazimika? Wanaotengeneza vitu hivi wangeshtakiwa.

Ijumaa, 8 Agosti

Tumekaa kwenye benchi la nje ya chumba cha upasuaji. Mlango unafunguka, kila mtu anasimama, anatoka mtu na ndoo. Tunakaa.

Shemeji ameleta chai kwa wote. Nimeinywa. Haikuwa siku ya msimamo.

Dada ameniuliza kama Baba alimwona Mama. Nikasema alimwona. Akauliza kama aligeuka. Nikasema alianza. Akanitazama kwa muda. Nilitegemea aseme neno, nilishajiandaa na majibu, lakini hakusema. Alimshika mumewe mkono, akatazama ule mlango. Ingekuwa nafuu angenitukana.

Daktari akatoka, akasema kazi imefanyika, bandeji itafunguliwa Jumatatu, tuombe. Nimeomba. Nimeomba vizuri, bila kuweka masharti.

Jumatatu, 11 Agosti

Wamefungua.

Daktari aliondoa pamba polepole. Jicho la Baba limekaa mahali pake, zima, la kahawia, zuri tu. Daktari akapitisha mkono mbele yake. Akapitisha tena. Baba akauliza kama taa za chumbani zimewashwa.

Zilikuwa zimewashwa.

Akamshukuru daktari. Alimshukuru kwa adabu kamili, akauliza hata watoto wake hawajambo. Dada alitoka nje. Mimi nilishika chuma cha kitanda, nikawa nahesabu pumzi. Niliwaza bega lile la kijani. Hilo ndilo la mwisho, hatapata lingine. Nimelijua hilo leo, na limenikaa kifuani, halishuki.

Dada aliporudi Baba akatuambia tukae. Akasema hana mengi. Kuona kumekwisha, yaliyoonwa yameonwa. Lakini masikio anayo. Mama alipogeuka pale harusini alimwambia neno, na hilo neno lenyewe limempotea kidogo. Anakumbuka walivyocheka watu, maneno hayakumbuki. Angependa kulisikia.

Shemeji akasema ni jambo rahisi. Apewe ile kompyuta jioni hii, atatoa sauti peke yake, aiweke kwenye kiredio kidogo ambacho Baba atabonyeza kitufe kimoja, hata mara mia kwa siku. Kesho saa ya kuwaona wagonjwa kiko hapa.

Kiredio kidogo! Sauti ya Mama kwenye kiredio kidogo! Mimi nyumbani ninayo spika kubwa ya mbao, ya kusimama. Ni kweli upande mmoja haulii na mwingine unavuma, lakini hiyo ni waya tu, ni suala la kujua pa kugusa. Nimesema hapana. Nimesema waniachie mimi, ni kazi ya mtoto wa kumzaa, wanipe siku chache niifungue nyuma. Tena safari hii nitaweka utangulizi wa kusikiliza.

Baba amegeuza uso upande ambao hakuna mtu, akauliza kwa sauti ya chini kama Shemeji bado yupo chumbani. Nimemjibu mimi. Nimemwambia yupo, lakini ndiyo anaondoka.